Mwenyeji wa Kisima

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, nilikuwa macho ya nyanya yangu. Macho yake mwenyewe yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe, la kushoto kwanza, kisha la kulia, na daktari wa macho alikuwa mbali na sisi kama mwezi. Tulimwita Cucu, kama watoto wa Mbeere wanavyowaita nyanya zao. Cucu aliweza bado kupika, kupepeta ndengu, kukamua mbuzi, na kumtambua mtu kwa kikohozi chake akiwa angali njiani. Kitu kimoja hakukiweza tena, nacho alikuwa amekifanya kila asubuhi tangu alipoolewa. Hakuweza kumwona mwenyeji wa kisima.

Kisima chetu alikichimba babu kwa mikono yake, kwa sururu na ndoo, mwendo wa saa mbili kutoka soko la Ishiara. Ardhi yetu ni kavu, na mtu aliyepata maji nyumbani kwake alihesabiwa kuwa amebarikiwa. Babu alichonga vidato ukutani, vya kukanyagia wakati wa kupanda na kushuka. Alipoyafikia maji, kabla mtu yeyote hajaonja, alikwenda hadi mto Ena akarudi na chura ndani ya kibuyu, akamteremsha kisimani polepole kwa kamba. Huyo ndiye aliyeitwa mwenyeji. Akiwepo, maji ni ya watu. Akihama, amehama kwa sababu, na asiyeijua sababu hiyo asinywe mpaka arudi.

"Mwenye nyumba akitoka mbio," Cucu alituambia, "wewe mgeni unaingia kufanya nini?"

Siku moja nilimwambia kuwa chura wa babu lazima alikufa zamani, na huyu tuliye naye ni mwingine aliyejiingilia tu.

"Na mwalimu mkuu wenu akihamishwa," akanijibu, "shule inafungwa?"

Kazi ya kumtazama mwenyeji alinipa mimi na si ndugu yangu Mugendi, kwa sababu Mugendi alikuwa na miaka minne na angetumbukia. Alinipa na kipande cha kioo, kikubwa kama kiganja, chenye kingo alizozisugua kwenye jiwe zisinikate. Jua lilipochomoza niliondoa jiwe, nikasogeza bati lililofunika kisima, nikalikamata jua kwa kioo na kulielekeza chini. Doa la mwanga liliteremka ukutani, kidato baada ya kidato. Katika kidato cha tatu kutoka majini ndipo alipokaa, rangi ya udongo, macho yakimeta. Mugendi alishika pindo la gauni langu nyuma, akisema naye aone, naye aone.

"Igoki, yupo?" Cucu aliuliza, amesimama mlangoni akiegemea fimbo yake.

"Yupo, Cucu."

"Anafanya nini?"

"Amekaa tu."

"Kama baba yako siku ya kupalilia. Haya, msalimie."

Nami nilimsalimu chura, Mugendi akamsalimu, na Cucu akamshukuru Mungu kwa sauti kwa ajili ya maji ya siku hiyo. Alikuwa mtu wa kanisa. Hakuona ugomvi wowote kati ya Mungu na chura. Kwake chura alikuwa mtumishi, kama jogoo anavyotumwa kutangaza asubuhi.

Mara mbili tatu niliwahi kumkosa. Nilisema, "Hayupo, Cucu," na bila neno zaidi bati lilirudishwa, jiwe likawekwa juu, tukachukua mitungi kwenda mto Ena. Kwenda na kurudi kulimaliza asubuhi nzima. Maji ya mto, Mama aliyachemsha, maana kliniki walikuwa wamemwambia hivyo. Ya kisima tuliyanywa hivi hivi, kwa sababu mwenyeji alikuwepo. Naomba msomaji ashike jambo hilo, kwa kuwa ndilo linalonisumbua hadi leo.

Mwaka ule mvua za mwezi wa kumi na moja zilikuja kwa hasira. Jumamosi moja ilinyesha tangu mchana mpaka alfajiri. Maji yalishuka kutoka kwenye zizi la mbuzi na upande wa choo, yakapita uani, na tulipoamka Jumapili tulikuta takataka na samadi zimezunguka mdomo wa kisima. Kisha jua likatoka, safi kabisa, kama kwamba hakuna kilichotokea.

Jumapili hiyo nilitakiwa kukariri mistari ya Biblia mbele ya kanisa zima. Watoto watatu tu walikuwa wamechaguliwa. Mama alikuwa amenishonea gauni la manjano lenye ukanda, na lilikuwa limetundikwa kwenye msumari tangu Ijumaa. Nilikuwa nimeyarudia maneno yale mbele ya mbuzi hata nadhani mbuzi pia waliyajua.

Nilielekeza mwanga chini. Maji yalikuwa yamepanda, yamekuwa rangi ya chai. Kidato cha tatu kilikuwa kimefunikwa. Nilitazama cha nne, cha tano, nikazungusha mwanga ukuta mzima. Nikatazama juu ya maji. Nikarudia.

"Igoki, yupo?"

Nilijua maana ya kusema hayupo. Maana yake ilikuwa mtungi, matope, mto uliofurika, na mtoto mwingine kusimama mahali pangu. Nililitazama gauni kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Yupo, Cucu."

"Na mvua yote hii?"

"Yupo. Amepanda juu kidogo. Ananitazama."

Cucu alicheka. "Amekuwa mzee kama mimi, hataki kulowa. Msalimie."

Nilisema, "Habari ya asubuhi, mwenyeji," nikisalimia ukuta. Mugendi naye akasalimia, kwa sauti kubwa, maana aliniamini.

Nilikariri mistari yangu bila kosa. Watu walipiga makofi, na mzee Ireri, jirani yetu na mzee wa kanisa, alinishika kichwa akasema mtoto huyu atafika mbali. Nimeyasahau mambo mengi ya utoto wangu. Mkono ule kichwani bado nausikia.

Jumanne Mugendi alianza kuhara. Jioni akatapika. Mimi tumbo lilininyonga kidogo, na Mama pia, lakini sisi tulikuwa wakubwa. Jumatano asubuhi Cucu alinifuata kisimani mwenyewe, akipapasa njia kwa fimbo.

"Igoki mwanangu, tazama vizuri leo. Mwenyeji yupo?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Siku tatu nilikuwa nimemtafuta bila kumwona. Lakini nikisema leo hayupo, ataniuliza jana, na juzi, na Jumapili. Mtoto mwongo hufikiri hivyo, hulinda uongo wa kwanza kama mtu anayekinga taa upepo usiizime.

"Yupo," nikasema.

"Basi si maji," Cucu akasema, na nilisikia mzigo ukimtoka kifuani. Akarudi nyumbani, akamwambia Mama si maji, labda ni maembe mabichi. Mama akachota kutoka kwenye mtungi ule ule, akatia sukari na chumvi kama alivyofundishwa kliniki, akamnywesha Mugendi kijiko baada ya kijiko. Hakuyachemsha. Kwa nini ayachemshe? Nilishika kikombe. Ndiyo, mimi ndiye niliyeshika kikombe.

Alhamisi tulimpeleka zahanati, Mama amembeba mgongoni. Muuguzi aliuliza tunakunywa maji gani. Cucu, aliyekuwa amekataa kubaki nyumbani, alijibu kabla ya Mama.

"Ya kisima chetu. Ni mazuri. Mwenyeji yupo, huyu mtoto amemwona."

Muuguzi hakuelewa. Alinitazama, mimi nikatazama miguu yangu. Mugendi alifariki Ijumaa kabla ya adhuhuri.

Baba, aliyekuwa akifanya kibarua kwenye mashamba ya mpunga Mwea, alirudi kuzika. Siku ya pili baada ya maziko alikifukia kisima kwa sepetu, peke yake, bila kumruhusu mtu kumsaidia. Kazi ya babu ya miezi mingi aliimaliza kwa siku moja na nusu. Cucu aliketi mlangoni akisikiliza udongo unavyoanguka.

Watu wa kanisa walikuja kutufariji. Waliimba, wakaomba, na baadaye mzee Ireri akasimama kusema neno. Nina hakika alikusudia mema. Alikuwa mtu mwenye bidii katika imani, na mambo ya kale yalimuudhi.

"Mama," alimwambia Cucu mbele ya wote, "nimekuambia mara ngapi? Umeweka tumaini lako kwa chura. Leo chura amekudanganya, na ameondoka na mtoto."

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, magoti yangu kifuani. Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua.

"Ni kweli," Cucu akasema. "Amenidanganya."

Aliishi miaka sita baada ya siku hiyo. Kabla yake, watu walikuwa wakimjia kuuliza mambo: mvua itakuja lini, kwa nini nyuki wamehama, mbuzi huyu ana nini. Yeye alijua mengi, na mengi yalikuwa ya kweli. Baada ya Mugendi, mtu akimuuliza, alijibu, "Sijui mimi. Waulizeni waliosoma." Kioo alinitaka nikitupe. Sikukitupa. Alikufa akiamini kwamba alimuua mjukuu wake kwa ujinga, na mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, ninajua kusoma na kuandika, na nilimwacha aende hivyo.

Mama hakumtukana Cucu hata siku moja. Alimpikia, alimwogesha, alimfulia. Lakini hakumwita tena Mama, kama mke anavyomwita mama wa mume wake. Alimwita "nyanya wa watoto". "Mpelekee nyanya wa watoto uji." "Nyanya wa watoto amelala?" Miaka sita. Cucu aliitika.

Nimeolewa, nimezaa, nimemzika Baba. Nimetubu mbele za Mungu mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na naamini amenisamehe, kwa kuwa ameahidi. Lakini kuna wengine niliowakosea ambao hawakuwa wameahidi lolote, na hao niliwaogopa kuliko Mungu. Hiyo yenyewe ni dhambi, najua.

Mama aliugua kwa muda mrefu. Wiki chache kabla hajatutoka, mwaka jana, nilikuwa nikimlisha uji, kijiko baada ya kijiko. Nikaweka bakuli chini. Nikamwambia yote. Gauni, mwanga ukutani, Jumapili, Jumatano, kikombe, na Cucu aliyeniamini.

Hakuniuliza kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo miaka thelathini. Alisema tu:

"Sasa nikimkuta huko, nitamwitaje?"

Nilichukua bakuli, uji ulikuwa umepoa, nikaenda kuupasha moto. Alipofariki, hilo ndilo lililobaki masikioni mwangu kuliko nyimbo zote za mazishi.

Siku hizi mimi ni mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji chetu. Sina elimu kubwa, nilifika kidato cha pili tu. Tulifundishwa kupima maji ya visima kwa chupa ndogo zenye dawa ndani. Unachota maji kwa chombo safi, unajaza mpaka kwenye alama, unafunga, unaandika jina la mwenye kisima, unaweka mahali penye joto. Unasubiri siku moja, wakati mwingine mbili. Maji yakigeuka meusi, uchafu wa choo au wa mifugo umeingia, na watu wasinywe bila kuchemsha au kutia dawa. Ni kazi rahisi. Ngumu ni kurudi kumwambia mtu.

Miezi mitatu baada ya kumzika Mama, zamu ya mzee Ireri ilifika. Amekuwa mzee sana, anatembea kwa fimbo mbili, lakini ulimi haujazeeka.

"Nyanya yako alikuwa na chura, wewe una chupa," aliniambia nilipokuwa nikichota. "Tofauti ni nini?"

"Chupa hairuki, Mzee."

Alicheka mpaka akakohoa. Mke wa mwanawe alicheka pia, akiwa na mtungi mkononi, watoto wake wawili wakicheza karibu na karo la kuoshea vyombo.

Nilirudi siku ya pili yake. Chupa ilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria. Niliitoa kwenye kikapu nikaiweka mbele yake, juu ya stuli. Aliigeuza huku na huku.

"Umetia makaa."

"Sijatia, Mzee."

"Nimeyanywa maji haya miaka hamsini, na bado niko hapa nawasumbua."

"Wewe ndiyo. Hawa wajukuu zako hawajafika miaka mitano."

Akakunja uso. Aliisukuma chupa kwa ncha ya fimbo. "Sikiza, mtoto wa jirani. Chura alimdanganya nyanya yako. Hii nayo itakudanganya wewe. Mimi nimeona vitu vingi vya namna hii vikija na kuondoka. Peleka chupa yako kwa wengine."

Ningeweza kwenda. Tulifundishwa kwamba mtu akikataa, mwache, urudi siku nyingine ukiwa na mwenzako. Nilianza hata kufunga kikapu. Nikamwona mtoto mdogo wa nyumba ile amepiga magoti kwenye karo, anakinga maji yanayodondoka kutoka kwenye mtungi kwa viganja, anakunywa.

"Mzee," nikasema, "chura hakumdanganya Cucu."

"Unasemaje?"

"Chura hakumdanganya. Ni mimi. Cucu alikuwa haoni. Mimi ndiye niliyekuwa namtazama chura na kumwambia. Nilimwambia yupo kwa sababu nilitaka kuja kanisani kukariri mistari. Ukanishika kichwa."

Mke wa mwanawe alikuwa ameacha kuosha vyombo. Vidole vya Ireri vilikuwa vikitafuta kitu kwenye mpini wa fimbo.

"Mimi nilimwambia lile neno," akasema mwishowe. "Mbele ya watu. Mjukuu wake hajalala siku tatu kaburini."

"Ndiyo, Mzee."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwa karibu na mlango."

Alitazama upande wa boma letu, mahali ambapo kisima kilikuwa. Siku hizi pana mti wa mpapai tu.

"Kwa hiyo asubuhi ile," akaniuliza polepole, kama mtu anayetaka kuwa na hakika, "hakuwepo?"

"Hakuwepo," nikasema.

Alitikisa kichwa mara nyingi. Kisha akainyanyua chupa tena, akaiinua kwenye mwanga.

"Na hii umeitazama vizuri?"

"Nimeitazama vizuri, Mzee."

"Wambeti," akamwita mke wa mwanawe, bila kugeuka. "Mwaga hayo ya mtungini. Na umtoe huyo mtoto hapo."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alisimama akajishikilia kwenye benchi, akaomba kusema. Alisema zamani alimhukumu mama mmoja wa kanisa hili bila kujua, na kwamba mama huyo alifanya sawasawa na alivyoambiwa. Alimtaja Cucu kwa jina lake la ubatizo, ambalo vijana hawakulijua. Mimi hakunitaja. Nilisimama mwenyewe.

Watu huniuliza kama basi naamini habari za chura. Nimemulika visima vingi tangu nianze kazi hii, kwa kile kile kioo, ambacho kiko kwenye kikapu pamoja na chupa. Nimewakuta vyura katika visima ambavyo chupa zake ziligeuka nyeusi, na nimekuta visima visivyo na chura ambavyo maji yake ni safi. Wakufunzi wetu wanasema chura si kipimo. Labda asubuhi ile maji yalimpandia tu, akahama, akaketi mahali nisipoweza kumwona. Mungu ndiye anayejua. Kuna siku nimetamani kujificha humo, niseme kwamba hata ningesema kweli, chura ni chura tu.

Lakini Cucu hakuwahi kuniuliza chura anajua nini. Aliniuliza kama yupo.